Koti la Halfani

Mume wangu Ngolo alikuwa hahesabu ng'ombe. Jioni wakiingia zizini alisimama mlangoni akawatazama tu, na kama mmoja amepotea alimtaja: yule wa pembe iliyovunjika, yule wa doa jeupe begani. Tangu tutoke Usukuma tukahamia Usangu, watu walimwita kila walipogombania ng'ombe, na neno lake halikupingwa. Sifa hiyo ndiyo iliyotuponza mwaka sabini na sita.

Alfajiri moja alirudi kutoka mtoni akaniambia, "Mama Seni, nimeona ng'ombe watatu wa Magesa wanaswagwa ng'ambo."

Nikamuuliza nani anawaswaga.

"Sijui. Ukungu ulikuwa mzito. Mtu mmoja hivi."

Maneno yake ni hayo, na mimi sisahau.

Kumbe ng'ombe wale wameibiwa. Magesa, jirani yetu, akaleta askari. Siku mbili kabla, Halfani, mnunuzi wa ngozi kutoka Mwanjelwa, alikuwa amelala kijijini, na koti lake la kijani kila mtu alilijua. Nilikuwa natwanga karibu na walipokaa askari na Ngolo, nikasikia yote.

"Ndugu Ngolo, Halfani alikuwa amevaa lile koti lake, au alilivua?"

Ngolo akafikiri. "Alikuwa amelivaa."

"Fimbo alishika mkono gani?"

"Wa kulia."

Niliacha kutwanga. Halfani katokea wapi tena? Askari alipoondoka nikamvaa mume wangu. "Baba Seni, si uliniambia hukumjua mtu yule?"

Akanijibu kwa upole kwamba sasa amemkumbuka vizuri. Upole ule ulinitisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu wangu hakuwa anadanganya. Akidanganya hujikuna sikio, na siku ile hakujikuna.

Halfani akawekwa mahabusu miezi minne. Mkewe, Kudra, alipanda lori na mimba yake akaja kwangu, akaketi tu. Nilitamani anitukane.

Siku ya kesi tulikwenda Mbeya. Njiani nilimsihi Ngolo asiongeze wala asipunguze, akaninunia hadi Uyole. Mahakamani hakimu, mzee mwenye miwani, alifunga jalada. "Usimtazame mshitakiwa. Nieleze ulichokiona tangu ulipofika mtoni. Mimi sitakuuliza kitu."

Ngolo akaanza na ng'ombe, kama kawaida yake. Wa mbele mweusi. Wa pili ana mkato sikioni. Wa tatu alichechemea mguu wa nyuma. Akaeleza ukungu. Akafika kwa mtu. Kudra alikuwa ameshika tumbo.

"Mtu yule," akasema mwishowe, "nguo yake sikuiona. Koti alilitaja afande kwanza."

Halfani akaachiwa. Kijijini walimcheka Ngolo, wakaacha kumwita kwenye ugomvi wa ng'ombe. Shauri yao.

Mwaka uliofuata Halfani alirudi kununua ngozi, akatusalimu vizuri. Ngolo akamshika mkono.

"Nisamehe, ndugu yangu. Najua hukuwepo. Lakini nikiukumbuka mto ule, bado nakuona na koti lako."

Halfani akautoa mkono wake taratibu. Ngozi zetu hakununua tena.