Redio Iliyobaki Jikoni

Mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya watu hapandishi sauti. Anainua ngumi karibu na mdomo, kama mtu aliyeshika kitu, basi. Mimi nafyata mkia. Wageni hawaelewi, na sisi hatuwaelezi.

Nina kibanda Nyasubi, mjini Kahama, nauza simu na kuzitengeneza. Mama yangu ni mtu wa Pwani, baba alizaliwa hapahapa mjini, na Kisukuma changu ni cha sokoni. Lakini nilipooa, nilioa Usukumani kwelikweli, upande wa Geita, kwenye kijiji ambacho mashamba yake yamepakana na pori. Ndani ya pori hilo kuna maduara ya zamani, yale mashimo ya dhahabu ambayo wachimbaji wadogo waliyachimba, wakayaacha wazi, wakaenda kujaribu bahati kwingine. Baba mkwe ni mkulima na mfugaji, ana bunduki yenye kibali, na viazi vikishakomaa anakata leseni ya kuwinda nguruwe pori, maana wakiingia shambani wanafukua kama wamelipwa. Mimi nguruwe simli na wakwe zangu wanajua. Nikienda nao, nyama yangu ni kanga.

Nilikuwa napenda kwenda nao kuliko nilivyopenda kanga. Mkwilima, ndivyo wanavyomwita mume wa binti yao, anaweza kuja nyumbani kwao miaka na miaka akiletewa kiti na soda kama mgeni wa serikali. Wenzake wanakwenda zizini, wanakwenda porini, yeye yuko kwenye kiti. Nilikuwa nimekichoka kile kiti.

Kwa mama mkwe mambo yalikuwa tofauti. Kule mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi nyumba moja, wala hawasemezani. Nilipomwona njiani nilipisha pembeni nikainamisha kichwa, naye alijivutia kitenge upande wa uso akapita. Salamu zangu alizipata kwa mke wangu, na zake zilinijia kwa njia hiyohiyo. Mwanzoni nilidhani hanipendi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Angekuwa hakupendi," aliniambia, "angekusemesha."

Basi nikaipenda ile heshima. Kulima nao sikujua, kukamua sikujua, hata kutembea kimya porini sikujua. Ila kupisha njia na kuinamisha kichwa nilijua, na kwa hilo nilisikia nasifiwa. Ilikuwa ndiyo kazi pekee pale kwao niliyoifanya bila kukosea.

Mwaka juzi baba mkwe akanipigia simu. "Mkwilima, wewe si ndiye mtu wa mitambo? Simu kule porini hazishiki. Tutafutie redio koli. Lakini za kuwindia, siyo za kuchezea watoto."

Nilivimba kichwa. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema nikaenda kwa mwenye duka la vifaa vya walinzi, naye akanipangia redio mezani. Zilikuwapo nzito kama tofali, zenye antena ndefu, na nyingine nyepesi zenye tochi. Moja kila ukimaliza kusema ilipiga mlio mdogo, tii, na nikajua hiyo ingefukuza wanyama wote wa wilaya. Maboksi yaliahidi kilomita nyingi, na mimi ninayeuza betri najua maboksi yanavyosema uongo. Muuzaji akaniuliza: Mnakaa mmetulia au mnatembea? Mnaongea kwa sauti au kwa kunong'ona? Nilijibu harakaharaka, bila kufikiri. Najua sura ya mteja anayejifanya anajua, naiona kila siku mbele ya meza yangu. Siku ile niliivaa mimi.

Nikachagua zile zisizohitaji kubonyezwa kitufe. Ukizipanga hivyo, zikisikia sauti ya mtu zinarusha zenyewe, akinyamaza zinaacha. Nilijiambia kwamba mwindaji ana bunduki mkono huu na fimbo mkono ule, kitufe atabonyeza na nini? Nilijiona nimefikiria jambo ambalo hata muuzaji hakulifikiria. Nikazipeleka kibandani kuzijaribu. Hapo Nyasubi kuna mashine ya kusaga, muziki wa jirani na bodaboda wasiojua kuzima injini. Nikapunguza na kupunguza mpaka zikawa hazishtuki kwa kelele zote hizo, ila kwa sauti ya mtu anayepaza hasa. Jirani alisimama mwisho wa soko na redio moja, mimi nikabaki na nyingine, tukapayukiana kwa raha.

Kijijini nilizigawa kwa mbwembwe. Nilimwonyesha baba mkwe jinsi ya kuvaa kipaza sauti cha sikioni, nikawaeleza mashemeji zangu kwamba hawana haja ya kugusa chochote, waseme tu. Baba mkwe aliigeuzageuza ile redio, akasema, "Eee, mji una faida yake." Maneno hayo niliyalala nayo. Redio moja aliagiza ibaki nyumbani, ili tukipata mnyama waambiwe watume mkokoteni wa ng'ombe. Ikatundikwa kwenye msumari jikoni kwa sababu jikoni ndiko kulikuwa na mtu muda wote. Mtu mwenyewe ni mama mkwe. Nilijua, na haikunijia kichwani hata kidogo kuuliza.

Alfajiri tukaingia porini. Baba mkwe alinipanga nizibe pengo kando ya kijito kilichokauka, akanionyesha kwa kidole upande wa maduara. "Huko usiende. Simama hapa tu." Mashemeji wawili wakazunguka na mbwa ili wawaswage nguruwe waje upande wetu.

Nikasimama, nikatega sikio. Kimya. Nikasema moyoni kwamba wenzangu ni wawindaji wa kweli, hawasemi ovyo. Kumbe walikuwa wanasema. Walinong'ona tangu walipofika, kama mtu yeyote anavyofanya porini, na redio zangu za sokoni hazikuona kunong'ona kama sauti. Kilichopita ni kelele za jikoni tu. Nilisikia sufuria ikidondoka. Nikasikia jogoo, halafu mchi kinuni, halafu mama mkwe akimfukuza mbuzi kwa ukali ambao sikujua kama anao. Ng'ambo ya kijito nilimwona shemeji mmoja aliyebaki upande wetu ameshika sikio, ananitazama, anapunga mkono kwa hasira. Alikuwa ananiambia nizime redio. Mimi nikaelewa kwamba hanipati.

Na mtu wa simu asipopata mtandao anafanya nini? Anatafuta mahali palipoinuka. Niliona kichuguu kirefu upande ule niliokatazwa, nikakiendea, redio nimeinyanyua juu, macho yangu kwenye kile kioo chake kidogo. Hatua ya mwisho ilikanyaga majani, na chini ya majani hapakuwa na kitu.

Lilikuwa duara lililoachwa, refu kunizidi hata nikinyoosha mikono. Nilifikia mguu mmoja, nikasikia kifundo kikigeuka. Hapo mdomo wangu ukatoa tusi. Sitaliandika, ila kila mtu analijua: ni lile zito linalomtaja mama wa mtu na maungo yake. Nilipayuka kama mtu wa Nyasubi, kwa sauti ile hasa niliyokuwa nimezipangia redio. Kisha nikalirudia.

Baada ya tusi kikafuata kilio. Udongo ulikuwa unanidondokea kichwani, nikaona shimo linafunga. Nilimwomba Mungu, nikaahidi mambo ambayo mpaka leo sijatekeleza. Nilisema mimi siyo mtu wa porini, mimi ni mtu wa dukani, nani alinituma. Halafu nikaanza kumwita mama. "Mama! Mama, nakufa! Mama!" Nililia kama mtoto aliyefungiwa nje. Mama yangu mzazi wakati huo alikuwa Kahama, amelala zake. Aliyekuwa na redio ni mama mwingine.

Wenzangu walisikia yote. Walijaribu kunijibu, wakapiga kelele hadi mbwa wakachanganyikiwa, lakini redio inayorusha haisikii, na yangu haikuacha kurusha kwa kuwa mimi sikuacha kulia. Mwishowe nikajaribu kusimama, maumivu yakanikata pumzi, nikanyamaza. Hapo ndipo sauti ikaingia sikioni.

"Nyamaza, ng'wanone."

Ng'wanone ni mwanangu. Nilidhani ni akili yangu.

"Nimekusikia. Usilie tena, ukilia hatukupati. Unaona nini hapo juu?"

Ndipo nikamtambua. Watu wakiaibika husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi ilikuwa imeshanimeza, na haikunisaidia chochote. Miaka yote ile yule mama hakuwahi kunitamkia neno, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa la kunifuta machozi, baada ya kusikia nilichokisema. Nilitaka kukaa kimya nife pale. Akauliza tena, polepole, na ikabidi nimjibu mama mkwe wangu kwa mdomo wangu.

"Naona mti, mama. Una turubai la bluu limechanika, limenasa."

"Sawa. Napajua, huwa naokota kuni hapo. Kaa, usiguse kuta." Kisha akapaza sauti kwa Kisukuma kuwaelekeza wanaume, mti gani na wapite wapi, na sauti yake ikawafikia wote kwa sababu hakunong'ona.

Walinitoa kwa kamba ya mkokoteni. Baba mkwe aliishika mwenyewe. Hakuniuliza nilifuata nini huku, alinikung'uta tu udongo mabegani, na afadhali angenizaba kofi. Mashemeji walijizuia kucheka mpaka tukafika njiani. Nguruwe walikuwa wameshahama pori.

Mkokoteni ulipoingia uani, nilikuwa nimelala chali kama gunia. Mlango wa jikoni ukafungwa. Nje yake, juu ya kigoda, ile redio ilikuwa imewekwa na kufunikwa kwa kitambaa, ikiwa bado inawaka. Nilikitazama kile kitambaa mpaka waliponiteremsha.

Mke wangu, ambaye tulikuja naye, alinifunga mguu. Nilipoanza kujitetea kwamba tusi lilinitoka, akanikatiza.

"Tusi nani anajali? Mashemeji zako wanatukana ng'ombe kila siku. Umemfanya mama akuongeleshe." Kisha akaanza kulia, na hapo nikaelewa kwamba fedheha haikuwa yangu peke yangu. Wanawake wa jirani walikuwa jikoni asubuhi ile, wakitwanga. Walimwona anakwenda msumarini anaichukua redio kwa mkono wake. Walisikia anamsemesha mkwilima na kumwita mwanangu. Nilikuwa nimehangaika kuhusu uanaume wangu, kumbe aliyevuliwa nguo ni mama wa watu, aliyeitunza heshima yake tangu nilipooa, akaja kuitupa kwa ajili ya bwege aliyetafuta mtandao kwenye kichuguu.

Nilimtuma mke wangu aniombee radhi. Alikaa sana huko jikoni. Aliporudi, jibu lilikuwa fupi.

"Anasema leta redio zenye kitufe."

Nilirudi kwa yule muuzaji. Safari hii aliponiuliza maswali niliyajibu moja baada ya jingine, kama mtu yuko kwa daktari. Tunasimama. Tunanong'ona. Mmoja wetu ni mjinga. Akanipa redio ndogo zenye kitufe kigumu ubavuni, ambacho hakibonyezeki kwa bahati mbaya. Zile za mwanzo ziko kwenye sanduku chini ya meza yangu. Watu wameziulizia, ila sijaweza kuziuza. Naona kama tusi langu bado limo ndani.

Sasa naenda nao tena. Nasimama ninapoambiwa, na mashemeji wakitaka kunitania wanajifanya wananionyesha vichuguu. Na moja ya redio bado inabaki jikoni, kwenye msumari uleule, kwa amri ya mama mkwe mwenyewe. Kabla ya msako baba mkwe hutuita mmojammoja kwa kunong'ona, na kila mtu anaitika alipo. Mimi huitika wa mwisho. Nikishaitika, katikati ya ule ukimya, husikika tak, mlio mdogo wa mtu aliyebonyeza kitufe akaachia bila kusema kitu. Mara ya kwanza nilidhani redio ina kasoro. Niliifungua nilipofika nyumbani, nikaichunguza, ilikuwa nzima. Shemeji mdogo ndiye aliyeniambia kwamba mama yao huwa anaishusha redio akanisubiri nitaje nilipo, kisha anabonyeza na kuirudisha msumarini.

Sijamwambia mtu kwamba nami huwa nabonyeza kumjibu. Tak, basi. Kisha, kule kwenye majani ambako hakuna anayeniona, napisha pembeni kidogo na kuinamisha kichwa, na uso unaniwaka kama siku ile.