Bendera kwenye Ubavu wa Lori

Kabla ya kwenda Doha sikujua kwamba kampuni ya meli huwa na bendera yake yenyewe. Nilijua bendera za nchi na za vyama vya siasa, basi. Kisha nikaajiriwa katika karakana ya mabango huko Sanaiya, eneo la viwanda, nikakabidhiwa kompyuta na folda nene ya nembo za kampuni za Kiitaliano za uchukuzi, ambazo miaka hiyo zilikuwa zikiingia Qatar moja baada ya nyingine kufuata ujenzi wa mji mpya wa Lusail. Kazi yangu ilikuwa kuzichora upya kwa vipimo vya magari, kuzichapisha kwenye plastiki yenye gundi, na kumpa fundi azibandike.

Nilizipenda, na mimi si mwepesi wa kupenda vitu. Kampuni kongwe, zilizoanzia baharini, zilikuwa na bendera rahisi kabisa: rangi mbili, herufi moja, au mnyama mmoja aliyechorwa bila madoido. Nadhani zilibuniwa ili mtu aliye bandarini aitambue meli kabla hajaweza kusoma jina lake. Za malori zilikuwa na magurudumu yenye mabawa na simba wanaojisikia. Za mabasi, zilizobuniwa juzijuzi, karibu zote zilikuwa mishale iliyolalia kulia, utadhani wenye kampuni walimwendea mchoraji mmoja siku moja naye alikuwa na haraka ya kwenda kula. Na kila moja ilipachikwa utepe wa kijani, nyeupe na nyekundu mahali fulani, hata pasipokuwa na nafasi. Saa ya chai nilikuwa nikizifungua na kuzipa alama kichwani, kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Mishale haikuwahi kuvuka tano juu ya kumi.

Fundi wetu wa kubandika alikuwa Mganda kutoka Masaka, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye vidole virefu. Aliweza kulaza stika ya mita tatu bila kuacha kipovu hata kimoja, tena kwenye joto ambalo plastiki hulegea kama unga wa chapati uliozidi maji. Aliniita nyabo, kama Waganda wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, nami nikamwita ssebo, yaani bwana. Kiswahili chake alikiokota katika kambi ya wafanyakazi alipokuwa mlinzi, changu kilitoka Nakuru, na kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake ndiye anayekiharibu.

Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Jumamosi fulani, kwao, ukoo wa mchumba wake ungempokea rasmi katika ile sherehe ambayo Waganda huiita kwanjula, na baada ya hapo ndipo angeweza kusema ana mke. Ilikuwa imeahirishwa mara moja tayari kwa sababu hakupata likizo, na baba wa binti alikuwa ametuma neno kwamba hatasimamisha mahema mara ya tatu. Tiketi ilikuwa ya Alhamisi alasiri. Lakini siku hizo mfanyakazi hakuweza kuondoka Qatar bila mwajiri kutia sahihi kibali cha kutoka, ambacho sisi sote tulikiita khuruj. Mudir, meneja wetu kutoka Kerala, India, alisema kibali kitatiwa sahihi malori manane ya Waitaliano yakishatoka langoni. Si kabla ya hapo. Hakuwa mtu mbaya. Mafundi wawili waliotangulia walikwenda likizo wakapotelea huko huko, naye alikuwa amechoka kuanza upya.

Malori hayo yalikuwa ya kampuni iliyoanza na meli, mahali fulani kusini mwa Italia, kisha ikaingia barabarani. Bendera yao ilikuwa nyeupe, yenye mkanda wa samawati uliokatwa mshazari na samaki mmoja mwekundu katikati. Niliipa tisa. Mwakilishi wao, mzee mwembamba aliyevaa koti hata Juni, alitueleza kwamba bendera ya meli huonyeshwa walio nchi kavu, kwa hiyo kwenye lori pia ni lazima iwaelekee watu wanaotembea kwa miguu. Ubavu wa njia ya miguu ulibeba bendera nzima, kubwa. Ubavu wa pili, unaoelekea katikati ya barabara, ulibeba herufi mbili tu na nambari. Hayo yaliandikwa pia kwenye kijitabu chao cha nembo, ukurasa wa tatu, na mimi ndiye niliyekisoma.

Nilichora. Bendera nikaiweka ubavu wa kushoto. Mkono ulikwenda wenyewe, wala sikujiuliza. Mudir akautazama mchoro, akatia sahihi. Mkaguzi wetu, Msri Lanka asiyeacha hata nukta ipite, akatia sahihi. Fundi akaupokea, akasema samaki ni mzuri. Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya sherehe yake, akaanza. Alikuwa akimaliza malori mawili kwa siku, na siku hiyo alibandika huku akinisimulia jinsi dadake alivyomchagulia kanzu, na jinsi shangazi wa binti atakavyopita katikati ya wanaume akijifanya hamjui, kisha amshike yeye mkono mbele ya watu wote. Alirudia sehemu hiyo mara mbili.

Jioni hiyo nilikuwa kwenye basi dogo la kampuni, nikirudi nyumbani Al Thumama, nimekaa dirishani upande wa kulia. Tulisimama kwenye taa. Wanaume watatu wenye mifuko ya plastiki walikuwa wamesimama wakingoja kuvuka, karibu kiasi kwamba ningefungua dirisha ningewagusa. Niliwatazama kwa muda bila kufikiri lolote. Kisha nikaelewa. Katika nchi hii magari huenda kulia. Njia ya miguu iko kulia. Nilikuwa nimewachorea Waitaliano lori la Nakuru.

Baadaye nilipiga hesabu nikaona jinsi tulivyopatana vizuri katika kukosea. Kenya, Uganda, India, Sri Lanka: sote tulikulia kwenye nchi ambazo magari hushika kushoto. Tulikuwa tumeishi Doha miaka, tunavuka barabara zake kila siku bila kugongwa, lakini ukituambia upande wa njia ya miguu, kila mmoja wetu kichwani mwake anasimama kando ya barabara ya kwao. Karakana nzima haikuwa na mtu hata mmoja ambaye mchoro ule ungemkera macho.

Malori mawili tu ndiyo yalikuwa yamebandikwa. Kama ningesema Jumapili asubuhi, fundi angeyabandua na kuyabandika upya siku hiyo hiyo, mimi ningebadilisha mchoro kwa dakika kumi, na yote manane yangekwisha Jumatano. Angepanda ndege Alhamisi. Haya si mambo niliyoyajua baada ya tukio. Niliyapanga vizuri usiku ule kitandani, saa kwa saa, na nilikuwa na hakika nayo.

Jumapili asubuhi sikusema. Nilijiambia kwamba nikisema, mudir atapandwa na hasira, atasimamisha kila kitu, na fundi wa watu atakosa kibali. Nilijiambia pia kwamba mzee yule wa koti hataona, na kwamba hakuna mpita njia wa Doha anayengoja kwa hamu kuonyeshwa samaki. Sababu zote mbili zilikuwa nzuri, na hakuna iliyokuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba wiki iliyotangulia mudir alikuwa amenisifu mbele ya wote, amesema mimi nasoma vijitabu vya wateja kuliko wao wenyewe, na nilikuwa bado nautafuna utamu wake. Sikutaka kusimama katikati ya karakana niseme sijui kulia na kushoto. Niliona haya, na haya ikanishinda. Basi nikamtazama akibandika, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, samaki baada ya samaki, na nikampelekea maji.

Jumatano asubuhi mzee alikuja. Alizunguka lori la kwanza, akarudi, akazunguka la pili. Hakupaza sauti. Alitoa kijitabu mfukoni, akafungua ukurasa wa tatu, akauweka kwenye boneti mbele ya mudir, kisha akanyoosha kidole barabarani, ambako magari yalikuwa yakipita upande wao wa kulia kama kila siku. Mudir alitazama kijitabu, akatazama barabara, akafumba macho. Kisha akanigeukia mimi.

Nilisema ni kosa langu. Hilo nalikumbuka vizuri, na kwa miaka kadhaa nililichukua kama jambo la kujivunia. Nilikiri kwamba nilichora vibaya. Kwamba nilijua tangu Jumamosi, hilo sikulitaja, na hakuna aliyeuliza.

Kubandua huchukua muda kuliko kubandika. Stika iliyopigwa na jua siku nne hung'ang'ania, lazima uipashe moto kidogokidogo na kuivuta kwa pembe, vinginevyo inakuja na rangi. Hakuna mwingine pale aliyeweza kuifanya kazi hiyo bila kukwaruza. Mchana fundi aliingia ofisini kwa mudir, na kupitia kioo nilimwona amesimama mikono nyuma. Alipotoka hakuwa amekasirika. Alisema mudir amemweleza kwamba malori hayajatoka langoni, na kwamba ni kweli, hayajatoka.

Alhamisi alasiri alikuwa kwenye lori la pili. Jumamosi alikuwa kwenye la tano, simu ameiweka juu ya tairi la akiba. Kakake alipiga alasiri. Walikuwa wamefika na vikapu na kanzu na mbuzi, wakaulizwa bwana harusi yuko wapi, wakajibu yuko Uarabuni. Wenyeji waliwapa soda, kwa heshima, na wakawaacha wakae kwenye viti hadi jua lilipogeuka. Kisha baba wa binti akasema mahema yaanze kuteremshwa. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akasema asante kwa kwenda, akarudi kwenye pembe aliyokuwa ameinua nusu. Lori lile halina hata mkwaruzo.

Malori yalitoka yakiwa na bendera upande wa kulia. Kibali kilitiwa sahihi siku hiyo hiyo, kwa sababu mudir alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, lakini fundi hakukitumia. Binti alikuwa ameacha kupokea simu. Baada ya wiki mbili au tatu dadake fundi alimwandikia kwamba binti amehamia kwa ndugu zake Mbarara, na kwamba asiendelee kumsumbua.

Mimi nilianza kumkwepa. Nilikula mapema, nikamwachia michoro mezani akiwa nje. Siku moja aliingia ofisini kwangu na vikombe viwili vya karak, ile chai ya maziwa ya huko, akavuta kiti. Kabla ya kukaa aliurudishia mlango. Nilidhani amejua.

"Nyabo," akasema, "mimi nimekuona. Unajichoma roho bure. Kosa haikuwa yako peke yako. Mudir hakuona, mkaguzi hakuona, mimi nilibandika na mikono yangu hii na sikuona. Hakuna mtu aliona."

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, naye alikuwa akinitazama kwa huruma ambayo sijaonyeshwa tena na mtu asiye wa damu yangu.

"Kweli, ssebo," nikamwambia. "Hakuna aliyeona."

Aliitikia kwa kichwa polepole, uso ukamkunjuka, akafurahi kwamba amenitua mzigo. Akanisogezea kikombe changu, akanihimiza ninywe kabla hakijapoa, nami nikanywa.