Kipimo cha Pili cha Frigo

Asifiwe Mungu aliyenipa pumzi mpaka asubuhi ya leo, akanipa kazi ambayo sikuiomba, na akaniwekea njiani wakubwa wavumilivu walionifundisha bila kuchoka. Nisingethubutu kuanza kusimulia kabla ya kumshukuru.

Vijana wa hapa Bunia huniuliza tulifundishaje programu za kompyuta wakati umeme ulikuwa unakuja kama mgeni, anakaa kidogo kisha anaaga. Nitawaeleza, hasa juu ya jambo moja dogo lililonifuata miaka yote ya kazi: jibu ambalo programu inapaswa kumrudishia aliyeituma.

Siku ya kwanza niliajiriwa kama mpiga chapa katika ofisi ya eneo la afya. Kompyuta haikuwepo. Kulikuwa na mashini nzito ya kuandikia na kiti kimoja kilichoyumba. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Mkuu wa eneo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Kabla sijaketi alinituma kwa mtunza dawa nikaulize masanduku ya sindano yaliyobaki. Nilikwenda mbio. Mtunza dawa akasema saba. Niliporudi nikawakuta wauguzi barazani, nikawatangazia, "Saba!" Wote wakasikia. Nikaketi, nikaanza kupiga barua zangu.

Muda si muda mlango ukafunguliwa.

"Mademoiselle, kule nilikutuma, ulifika?"

"Ndiyo, Docta. Iko saba. Nilishasema pale inje."

"Pale inje nani alikutuma? Baraza njo Docta?" Yaani, je, baraza ndilo Daktari? Wauguzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Miye niko nangoja na barua mu mukono, sina namba ya kuandika. Bunia yote inajua, miye tu sijui."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini miaka mingi baadaye, nilipoanza kujifunza programu, nilimshukuru mzee yule, maana alikuwa amenifundisha somo la kwanza kabla ya kompyuta kufika.

Katika programu kuna kitu tunachokiita fonksioni. Ni kipande cha programu kilichopewa jina na kazi moja: unakiita, unakipa kitu, kinafanya kazi, kinakurudishia jibu. Neno linalorudisha jibu ni return. Kuna neno jingine, print, ambalo kazi yake ni kuonyesha jibu kwenye kioo. Mwanafunzi mgeni huyachanganya. Anaandika fonksioni inayoonyesha jibu kwenye kioo, analiona kwa macho yake, anafurahi. Lakini sehemu ya programu iliyoituma haijapata kitu. Ni mimi na baraza langu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishwa Nia-Nia, kwenye barabara kuu ya malori. Hapo ndipo nilipokaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, chini ya Msimamizi wa Takwimu. Alikuwa mtu wa mizaha, mlokole safi, aliyeomba kwa sauti kabla ya kuwasha mashini kwa sababu betri ya jua ilikuwa imezeeka na hakuna aliyejua kama itakubali. Alinikuta siku moja nimeita fonksioni vizuri, nayo imerudisha jibu vizuri, ila sikuliwekea jibu hilo jina la kulihifadhi. Likapotea.

"Mama," akasema, "umetuma mutu kisima, analeta maji, weye hauna hata ndoo. Sasa anamwanga fasi gani?" Yaani, ayamwage mahali gani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutembeza programu kwa mkono. Unachukua karatasi, unaandika kila kitu ambacho kompyuta ingekifanya, hatua kwa hatua, kana kwamba wewe ndiye mashini. Kwa kuwa betri ilitupa saa chache na karatasi zilikuwa haba, tulitembeza mstari wa kwanza tu wa takwimu. "Wa kwanza akifika salama," alikuwa akisema, "bengine batafuata. Njia ni ileile." Nilikubali, nami nikaichukua kanuni hiyo kama urithi.

Nilirudi nayo Bunia nilipoitwa kufundisha katika taasisi moja ya hapa mjini. Mkuu wa Seksheni, yaani msimamizi wa idara yetu ya kompyuta, alinipa darasa la watu arobaini na mashini sita, na siku nyingi mashini zote zilikuwa zimelala kwa kukosa umeme. Basi nikawafanya wanafunzi wenyewe kuwa programu. Mmoja alikuwa fonksioni. Nilimtuma nje na tarakimu kwenye kikaratasi, akokotoe, arudi aniwekee jibu mkononi. Kulikuwa na kijana kutoka familia ya wafanyabiashara wa Butembo ambaye kila mara alisimama mlangoni akapaza jibu kwa sauti.

"Ongea pole!" wenzake wakamzomea. "Hauko nauzisha viatu!"

"Madame," akanilalamikia alipopata mashini yenyewe, "hii ordinatere inanitukana. Minaomba jibu, inasema None."

"Haikutukani. None maana yake hakuna. Inakuambia kweli tu: ulituma, na hakuna kilichorudi. Fonksioni yako imebaki mulangoni."

Nilifundisha hivyo miaka mingi, na Mungu alibariki. Lakini sasa nieleze juu ya Furaha.

Furaha alikuwa muuguzi. Alikimbia kutoka upande wa Djugu na watoto wake wawili, akapata kazi katika kituo cha afya pembezoni mwa mji, palipo na familia nyingi zilizokimbia kama yeye. Mchana aliuguza, jioni akaja darasani kwangu. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa programu ya frigo ya chanjo, yaani jokofu la kuzihifadhia. Chanjo hutunzwa kati ya digrii mbili na nane. Kila asubuhi na jioni aliye zamu husoma kipimajoto na kuandika. Programu ya Furaha ilipokea vipimo vyote vya juma na kurudisha neno moja: nzuri au mbaya. Kituo kiliipenda sana hata kikaanza kuitumia kabla hajaitetea mbele ya juri, yaani jopo la watahini. Sasa ilikuwa wiki ya tatu. Wauguzi waliandika vipimo, lakini hawakuvisoma tena, kwa kuwa mashini ilisoma.

Siku mbili kabla ya juri nilikuwa nyumbani na karatasi zake. Nikatembeza mstari wa kwanza, yaani kipimo cha kwanza, kama kawaida yangu. Ukafika salama. Nikashika kalamu ili nitie sahihi, mvua kubwa ikashuka, nami nilikuwa nimepanga kwenda kwenye maombi ya wamama. Nikabaki nimeketi. Kwa kukosa la kufanya, nikatembeza kipimo cha pili.

Kipimo cha pili hakikufikiwa kabisa.

Vijana, angalieni vizuri hapa. Neno return lina kazi mbili. Linarudisha jibu, na papo hapo linaifunga fonksioni. Baada yake hakuna kinachoendelea. Furaha alikuwa ameandika hivi: chukua kipimo kimoja kimoja, kama kimetoka nje ya mipaka, rudisha "mbaya", la sivyo, rudisha "nzuri". Kwa hiyo kipimo cha Jumatatu asubuhi kikiwa kizuri, fonksioni ilirudi nyumbani na neno "nzuri", na vipimo kumi na vitatu vilivyobaki havikuulizwa kitu. Alipoijaribu, aliweka kipimo kibaya mwanzoni, ikasema mbaya. Akaweka kizuri mwanzoni, ikasema nzuri. Alijaribu kama nilivyomfundisha.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya chanjo. Simu yake haikupatikana. Nilipanda pikipiki asubuhi na mapema, na matope yakanipaka mpaka magotini. Nilipofika, wamama walikuwa wameshapanga mstari na watoto migongoni, na Furaha alikuwa anafungua sanduku la baridi.

Nikamvuta kando, nikamwonyesha karatasi. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

"Madame, kesho ni defansi yangu."

"Minajua."

"Nikisimamisha hii chanjo, titulere ataniuliza juu ya nini." Titulere ndiye muuguzi mkuu wa kituo. "Na juri itasikia. Miaka tatu yangu yote, Madame."

"Minajua, mama. Siwezi kukudanganya. Batasikia."

Aliwatazama wale wamama. Wengi aliwajua kwa majina, wengine walikimbia naye njia moja. Kisha akafunga sanduku, akaenda kusimama mbele yao yeye mwenyewe.

"Bamama, munisamehe. Mungoje kwanza. Hatuna hakika na hizi dawa, mashini yetu haikuchunga frigo muzuri."

"Eh! Tumetoka mbali na hii mvua," mama mmoja akajibu, "na weye unasema mashini imekosea?"

"Mashini haikukosea, mama. Miye njo nilikosea."

Tukafungua daftari, tukasoma safu yote kwa kidole. Jumatatu asubuhi tano. Jumanne jioni kumi na moja. Jumatano asubuhi kumi na nne. Mfanyakazi wa zamu aliziandika kwa mwandiko mzuri, akaamini mashini ingepiga kelele. Titulere alikasirika, na alikuwa na haki. Tukatenga chupa zote, tukarudi nyuma kwenye majuma mawili yaliyopita, yaani chanjo zote zilizokwisha kutolewa tangu programu ianze kazi. Nilisoma huku midomo yangu ikiomba. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya mipaka. Hakuna mtoto aliyekuwa amepewa dawa iliyoharibika. Nililia pale pale, mwanamke mzima mwenye matope.

Ofisi ya eneo ilileta chupa nyingine kabla ya saa sita mchana. Wamama karibu wote walingoja.

Mchana ule Furaha alirekebisha programu. Kazi yenyewe ni ndogo: lile "la sivyo" linaondolewa, na neno la kurudisha "nzuri" linatolewa ndani ya mzunguko, yaani sehemu inayochukua kipimo kimoja kimoja, linawekwa chini yake, ili lisemwe tu vipimo vyote vikishapita. Mkuu wa Seksheni aliposikia aliniita ofisini.

"Madame, mungerekebisha kimya kimya. Nani angejua?"

"Wamama bale tayari banajua, Shefu," nikamjibu.

Ijumaa Furaha alisimama mbele ya juri na kuanza na kosa lake kabla ya kitu kingine. Alieleza yote, safu, daftari, digrii kumi na nne. Mmoja wa juri akamuuliza, "Na nani alikufundisha kujaribu kipimo cha kwanza tu?"

Furaha akatazama chini. Angeweza kunitaja, lakini heshima ilimfunga kinywa. Basi nikasimama.

"Ni miye," nikasema. "Nilikaa Nia-Nia. Niliona kwa macho yangu, wakati wa mvua, lori ya kwanza inapita, ya pili inazama, sababu ile ya kwanza imeharibu njia. Na bado nilirudi hapa kufundisha batoto ya batu kwamba wa kwanza akipita, bote batapita. Kama munakata alama, mujue moja ni yangu."

Mkuu wa Seksheni, aliyekuwa mmoja wa juri, akamwambia Furaha aweke vipimo kumi na vitatu vizuri, na cha mwisho kibaya. Kioo kikaandika: mbaya. Akafaulu. Alama hazikuwa za juu, na ilikuwa haki.

Mimi nilistaafu mwaka uliofuata. Nikitazama nyuma, ninashukuru kwa mengi: kwa Daktari aliyenikemea, kwa Msimamizi aliyenichekesha, hata kwa kanuni yake mbaya, kwa kuwa alinipa kwa moyo mwema kile alichokuwa nacho. Ninamshukuru zaidi mwanafunzi aliyefunga sanduku wakati angeweza kulifungua. Nilimfundisha return, yeye alinifundisha kukiri. Leo Furaha ndiye titulere wa kituo kile. Programu yake bado inafanya kazi, na ameweka sheria moja: muuguzi anasoma safu yote kwa kidole kwanza, ndipo anaiuliza mashini.

Nawe uliyefuatana nami mpaka hapa, Mungu akujalie subira ya kufika kipimo cha mwisho, akupe mtu wa kukuambia ukweli mapema, na awatunze watoto wanaongoja mikononi mwa watu kama wewe. Amina.