Moshi wa saa sita

Muniache nijiseme mwenyewe, kabla wanawake wa soko la Rumonge hawajaongeza chumvi.

Ramadhani hii, ya kwanza tangu uhuru, alikuja muzungu mwekundu kama nyanya, anachunguza kuni tunazochoma majumbani. Kwenye karatasi zake alikuwa ametengeneza mama wa kubuni, anayewasha moto asubuhi, saa sita na jioni. Sasa alitaka kuona kama sisi wenye nyama na damu tunafanya vile vile. Mupumbavu huyo hakujua hata kwamba tumefunga.

Akatazama jiko langu la baridi. "Mama, nyumba hii iko na njaa?"

Njaa kwangu, mimi mwenye shamba la michikichi kule Kigwena? Ningemwambia tu tumefunga, lakini kiburi kilinipanda. "Njaa iko kwenu. Mimi kila siku napika saa sita." Nikawasha moto, nikakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mawese, aone aende zake.

Harufu ikaruka ukuta. Majirani wakaingia, mbele yao Mama Zuena, ambaye juzi nilimwaibisha mbele ya watu kwa sababu alikunywa maji mchana.

"Bibi Mariamu, nani anakula hapa?"

"Namupikia muzungu. Mimi nimefunga."

Muzungu akatabasamu, kalamu mkononi. "Hapana, mama. Umesema unapika kila siku, saa hii hii."

Mama Zuena akavuta kigoda, akaketi taratibu.

"Endelea, bwana," akamwambia. "Muulize na jana alikula nini."