Furukombe wa Mlango wa Kanisa

Neli alikuwa mfinyanzi, kama mama yake na kama karibu kila mwanamke wa Kikisi katika kijiji chao, kilichobanwa kati ya ziwa na milima ya Ukinga, mbele kidogo ya Matema. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga, na vyungu vikapelekwa kwa mitumbwi hadi Matema, na kutoka huko vikabebwa hadi Bujonde kubadilishwa kwa mpunga na ndizi. Vya Neli vilijulikana kwa mbali, maana hakuna mwingine aliyezungushia vyungu vyake chokaa nyeupe shingoni namna ile.

Kanisa lilijengwa pale penye miti. Hilo ndilo lililomkaa Neli rohoni hata baada ya kubatizwa. Miti ile haikuwahi kuguswa na shoka, kwa kuwa chini yake walizikwa wazee wa ukoo, na babu yake mzaa baba alikuwa mmojawao. Wamisionari wa Kijerumani walipokuja kuomba kiwanja, wenye mji waliwapa pale pale. Wengine kwa heshima, wengine wakitumaini kwamba wazee wenyewe wangewatimua wageni. Wazee hawakumtimua mtu. Miti ikaangushwa ikawa mapau, matofali yakachomwa ufukweni, na Neli akayabeba kichwani pamoja na wenzake. Kila alipokanyaga kiwanja kile alisema kimoyomoyo, "Utuwie radhi, babu."

Kaka yake, Lutengano, mvuvi, hakubeba hata tofali moja. "Mmemjengea Mjerumani nyumba mgongoni mwa babu," alimwambia dada yake, kisha akasusa kupita njia ile kabisa.

Kanisa lilipokaribia kwisha, alishuka mkubwa wa boma kutoka Tukuyu pamoja na askari wake. Alilizunguka jengo, akalisifu, halafu akatoa karatasi yenye picha ya tai mwenye taji. Alitaka tai kama huyo awekwe juu ya mlango kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari.

"Kanisa ni nyumba ya Mungu," alisema mchungaji Mjerumani, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Na nchi ni ya Kaisari," alijibu mkubwa wa boma. "Kila anayeingia humu ajue."

Kazi akapewa Neli. Habari ilipomfikia Lutengano, aliacha nyavu zake juani akaja hadi uani kwa dada yake.

"Dada, kweli utawafinyangia ndege wao? Pale juu ya babu?"

"Nikikataa wataleta wa chuma kutoka kwao," alisema Neli, mikono ikiwa bado kwenye udongo. "Atakaa pale pale, na hatutakuwa na la kusema juu yake. Nikimfinyanga mimi, nitajua nimeweka nini."

"Utaweka nini?"

"Subiri uone."

Asubuhi zilizofuata, Neli alikwenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni, kule furukombe wanakotua. Alimwangalia ndege yule mwenye kichwa na kifua cheupe anavyopiga kelele akiwa ameinua shingo, anavyoshuka majini miguu mbele, na anavyorudi mzito na samaki wake. Kisha akarudi kwenye udongo. Alimfinyanga vipande vipande ili moto usimpasue. Kichwa na kifua akavipaka chokaa, mbawa akazipaka udongo mwekundu. Kwenye makucha akaweka samaki. Taji alilifanya mwisho, bila haraka wala mapenzi, kwa sababu limeamriwa.

Mkubwa wa boma aliporudi, vipande vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka mbele ya kanisa. Aliviangalia kwa muda mrefu.

"Nini hiki miguuni?"

"Samaki, Bwana Mkubwa."

"Tai wa Kaisari hali samaki."

"Huku kwetu ndege mkubwa hula samaki," alisema Neli. "Asiyekula hakai."

Askari mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Mkubwa wa boma akaitazama karatasi yake, akamtazama ndege. Sikukuu ilikuwa imekaribia, na wageni walikwisha alikwa.

"Taji lipo," alisema hatimaye. "Mpandisheni."

Basi akapandishwa, akashikizwa kwa chokaa juu ya mlango. Siku ya sikukuu Wajerumani walisimama wima wakampigia saluti. Wenyeji nao waliinua macho wakamwona ndege wa ziwa lao. Haikuchukua muda, watu wakawa hawasemi tena wanakwenda kanisani. Walisema wanakwenda kwa Furukombe. Hata Lutengano alionekana siku moja amesimama njiani, mkono juu ya macho, anatazama. Jumapili iliyofuata aliketi benchi la nyuma.

"Nimekuja kwa babu," alimwambia dada yake baada ya ibada, kabla hajaulizwa.

Vita ilipokuja, na mwaka 1916 Waingereza wakavuka mpaka kutoka kusini, Wajerumani wa Tukuyu wakakimbia. Mchungaji alichukuliwa mateka. Ibada zikashikwa na Zebedayo, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyesoma shule ya misheni. Haukupita muda akatokea kapteni Mwingereza na kikosi chake. Alikuwa amechoka, na buti zake zilijaa tope. Alifuatana na mkalimani kutoka Karonga, ambaye Kingonde chake, lugha iliyo karibu na yao, wenyeji walikisikia bila taabu. Amri yake ilikuwa fupi: alama zote za Kaisari zivunjwe, na jengo la Mjerumani liwe ghala la jeshi.

Askari mmoja alikuwa amekwisha geuza bunduki, kitako juu. Neli akatoka katikati ya watu, akasimama mlangoni.

"Mwambie bwana wako," alimwambia mkalimani, "taji ndilo la Mjerumani. Ndege ni wetu."

Kapteni alisikiliza, akakunja uso. "Ni tai wa Kijerumani. Nimewaona wengi."

"Huyu ametoka mikononi mwangu. Ni furukombe, anavua hapo mbele yenu."

"Na jengo je? Nalo ni lenu?"

"Matofali tulichoma sisi. Miti ya mapau ilikuwa yetu. Chini ya sakafu amelala babu yangu na wenzake. Mjerumani ameondoka, sisi tupo. Mkivunja, mtakuwa mmetuvunja sisi, siyo yeye."

Kapteni alijifuta jasho, akatazama juu.

"Taji lazima liondoke," alisema.

"Litaondoka. Lakini asipande askari. Nitapanda mimi."

Ngazi ikaletwa. Lutengano ndiye aliyeishika chini, kwa mikono yote miwili. Neli alipanda na jiwe mkononi. Alijua pa kupiga, maana ndiye aliyeunganisha. Hata hivyo pigo la mwisho lilimponyoka, kipande cha chokaa ya kichwa kikabanduka pamoja na taji, vikaanguka miguuni mwa watu. Alishuka, akakiokota kile kipande.

Kapteni alimwacha ndege. Jengo hakuliacha. Magunia ya mchele wa jeshi yalijaa hadi madhabahuni, na kwa muda wote ule watu walisali nje, wameelekea mlango. Mvua iliwanyeshea, na Neli hakukosa. Jeshi liliposonga kwenda kaskazini, wakafagia, wakaingia tena.

Ndipo Neli akamwendea Zebedayo.

"Mzee, Jumapili hii nataka watajwe."

"Akina nani, mama?"

"Waliolala chini ya sakafu."

Zebedayo alishtuka. "Lakini hawakubatizwa."

"Najua. Wala siombi waabudiwe. Mjerumani aliweka ndege wake pale juu ili asisahauliwe, na Mwingereza akaja kuuliza nyumba ni ya nani. Kesho atakuja mwingine atauliza tena. Watoto watajibu nini ikiwa hawayajui hata majina?"

Mzee aliinamisha kichwa, akafikiri. "Mimi siyajui yote," alisema.

"Kaka yangu anayajua."

Jumapili ile, baada ya maombi, Lutengano aliitwa mbele. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu mahali popote isipokuwa kwenye mtumbwi. Alikohoa, akashika ukingo wa meza, akaanza na jina la babu yao. Kila alipotaja jina, mtu fulani kwenye mabenchi aliitikia kwa sauti, "Ndaga," kama anavyoshukuriwa mtu aliyekupa kitu mkononi. Neli aliketi na wanawake wenzake, mgongo wima, akihesabu kwa vidole vyake majina asiyotaka yapotee.