Rangi ya Bluu na Breki za Tela

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Kama siku ingekuwa kitu cha kurudishwa, ile ningeirudisha hata kwa kutoa kibanja changu chote, migomba na mibuni. Naona ninyi vijana, kuanzia Rugu mpaka huku kwetu Bugomora, mmeanza kuvuta matela nyuma ya pikapu zenu, tena matela yenye breki za umeme. Ni jambo jema. Lakini mimi nikiliona tela linapita barabarani roho yangu husinyaa, na leo nitakwambia kwa nini.

Nilikuwa na miaka thelathini kasoro mmoja. Babu yangu alikuja nchi hii kutoka Rwanda akiwa na jembe na mkeka, baba yangu akafa akiwa na baiskeli, na mimi nikawa wa kwanza katika ukoo kushika usukani wa gari langu mwenyewe. Sasa pima kichwa kilivyovimba. Watu waliokuwa wakijenga barabara walipomaliza kazi yao waliuza vifaa, nami nikanunua kwao tela la magurudumu manne. Mtu akiniita "Yusto wa tela" nilikuwa naitika mara mbili.

Breki za tela lile zilikuwa za umeme. Ndani ya kila dramu la gurudumu kuna sumaku. Dereva akikanyaga breki, kiboksi kidogo kilichofungwa chini ya dashibodi hupeleka umeme nyuma, sumaku zikashika, tela likajizuia lenyewe. Bila kiboksi hicho tela halina breki hata kidogo, linakusukuma tu kama ng'ombe aliyetoroka zizini. Na gari langu halikuwa nacho.

Fundi umeme wa magari aliyeaminika siku hizo alikuwa Mzee Bernado, mwenye karakana ya mabati pale Omurushaka. Alikuwa mtu mfupi, mpole, anayesali rozari huku akichomelea. Nikamwendea na kiboksi nilichokuwa nimekichagua mwenyewe, kinang'aa, kina taa nyingi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lete nione." Akakigeuzageuza. "Hiki kinahesabu muda tu. Uguse breki kidogo, ukanyage kwa nguvu zako zote, chenyewe kinapeleka kiasi kilekile ulichokipangia. Mtu wa barabara tambarare kitamfaa. Wewe unatoka milimani Bugomora, waitu, ndugu yangu! Unataka kile kinachosikia gari linavyopunguza mwendo. Gari likijizuia kidogo, nacho kinazuia kidogo. Likijizuia sana, nacho kinabana sana."

"Hicho kinapatikana wapi?"

"Mwanza. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili ni nyingi, Mzee. Nina mizigo ya watu."

Akacheka. "Mteremko hauna haraka, Yusto. Utaukuta palepale."

Nikasubiri kwa kununa, lakini nilisubiri. Kiboksi kilipofika alikifunga kwa siku nzima. Halafu akaingia chini ya tela na msasa, akakwangua chasisi sehemu ya upana wa kiganja mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga pale waya wa ethi kwa bolti, akapaka grisi juu yake.

"Hapa usipake rangi," akaniambia. "Umeme ukienda lazima urudi, na njia yake ya kurudi ndiyo hii. Rangi ni ukuta."

Kisha akanionyesha kitu kingine. Kiboksi kilikuwa na kijiti cha kusukuma kwa mkono, kinachowasha breki za tela peke yake. Akasema kila asubuhi nitembeze gari kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani, nisikanyage breki, nisukume kijiti. Tela likinivuta nyuma kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, niende zangu. Lisiponivuta, nizime gari nishuke. "Na taa isikudanganye," akaongeza. "Taa inakwambia waya umefika. Haikwambii kama nguvu imefika."

Miezi mitatu nilifanya hivyo kila asubuhi. Halafu nikazoea. Mazoea, mwanangu, ni usingizi wa mtu aliye macho.

Ikaja Pasaka, nikaombwa kubeba vyombo vya kwaya. Nikaona aibu kupeleka tela lenye kutu mbele ya umati wa kanisani. Nikanunua rangi ya bluu. Nilipofika kwenye ile sehemu aliyoikwangua Mzee Bernado, nikaiona kama kidonda juu ya ngozi mpya. Nikafungua bolti, nikapaka rangi vizuri, ilipokauka nikarudisha waya juu yake. Taa ya kiboksi ikawaka. Nikasema moyoni, wazee nao wana hofu zao.

Baada ya hapo tela likawa zito kushika. Kwenye makorongo taa ilikuwa inakonyeza, inazima, inawaka. Badala ya kutafuta ugonjwa, nikazungusha kitasa cha kuongeza nguvu. Likashika kidogo, nikajiona fundi. Kumbe lilikuwa linaokota ethi yake pale tela linapoungana na gari, chuma kikigusana na chuma leo, kesho kisigusane. Kwenda kumuuliza Bernado kulikuwa mwendo wa saa moja, lakini ningeanzaje kumwambia nimepaka rangi alipokataza?

Basi siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, nimepakia pale Omurushaka saruji ya kujengea kanisa la kigango chetu Bugomora. Mzee Bernado akaja na kikapu mkononi, amevaa koti lake la kanisani. Binti yake aliyeolewa Isingiro alikuwa amejifungua, mzee anakwenda kumwona mjukuu.

"Nisogeze, Yusto," akasema. Kabla ya kupanda akalitazama tela. "Umependezesha! Umelijaribu asubuhi?"

"Nimelijaribu, Mzee."

"Linashika?"

"Linashika vizuri."

Akapanda, akafunga mlango. Mwanangu, neno la uongo ni jepesi kulitamka. Uzito wake huja baadaye.

Njia nzima alikuwa anawaza jina la mtoto. Tukapita Nkwenda, tukafika kwenye mteremko mmoja mrefu kabla ya Isingiro. Nikagusa breki. Gari likapungua, tela halikupungua. Nikahisi mgongo wangu unasukumwa. Nikakanyaga zaidi, kichwa cha gari kikaanza kucheza kwenye tope. Mzee akanyoosha mkono, akasukuma kile kijiti mpaka mwisho. Hakuna kitu. Taa inawaka, tela linakuja.

Akanigeukia. Hakupiga kelele. "Yusto, ulifungua ule waya?"

Tela lilikuwa limeshakunja pembeni, likatuzungusha, likatubamiza kwenye ukingo wa barabara, upande aliokaa Mzee.

Wanawake waliokuwa wakivuna maharage bondeni ndio waliotufikia kwanza. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Yeye mguu wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya mlango na kiti, umevunjika mahali pawili. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Askari wa barabarani akaniuliza kilichotokea. Nikasema, "Breki za tela zimekataa." Lilikuwa neno la kweli, mwanangu, lakini halikuwa ukweli. Neno lile likatangulia kufika Omurushaka kabla yangu. Breki za tela zimekataa, nani alizifunga? Bernado. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo! Amekaribia kujiua mwenyewe kwa ufundi wake. Watu wakacheka, na mimi nilikuwa nimekaa palepale na kikombe cha chai, nikatazama chini.

Nikufiche nini? Tela lilipovutwa mpaka nyumbani nilifungua ile bolti. Rangi ilikuwa nzima chini yake, ya bluu, laini. Nikaikwangua, nikafunga waya kwenye chuma cheupe, nikajaribu. Likashika kama siku ya kwanza. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kisha nikapaka tope juu ya bolti ili asione mtu kwamba imeguswa.

Mzee alikaa hospitali muda mrefu. Alitoka na fimbo, na mtu mwenye mguu ule haingii tena chini ya gari. Angeweza kukaa kwenye kigoda akafundisha wengine, lakini nani alete gari kwa fundi ambaye breki zake zinaua? Karakana ikafungwa. Yeye akahamia Isingiro kwa binti yake.

Nilikaa karibu mwaka. Mwishowe nikaenda. Nilimkuta uani anamenya ndizi, mjukuu amelala kwenye mkeka karibu naye. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: rangi, kijiti, uongo wa asubuhi, tope juu ya bolti.

Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Nilijua nikiwa bado ndani ya gari," akasema.

"Mbona hukusema, Baba?"

"Ningesema, ningekuwa mgonjwa anayejitetea. Na neno lile lilikuwa lako, halikuwa langu. Nimekungojea."

"Nisamehe."

"Mguu nilikusamehe siku ileile. Kijana hupumbazwa na kitu kipya, hata mimi nilikuwa kijana. Lakini jina langu, Yusto, umeliacha barabarani watu wanalikanyaga, na wewe unapita juu yake kila siku na gari. Usilie hapa kwangu. Nenda ukaliokote kule ulikoliangusha."

Nikaenda Omurushaka, nikasimama mbele ya madereva mchana kweupe, nikasema. Walinisikiliza. Mmoja, mtu mzima, akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukusema wakati karakana bado iko wazi?" Nikageuka kuitazama ile karakana. Kwenye mabati ya Mzee Bernado walikuwa wameshaweka mashine ya kukoboa mahindi. Nilimpelekea ndizi na maharage kila mavuno hadi alipofariki. Alipokea, tukacheka, tukaongea habari za magari. Lakini bisibisi hakuishika tena.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague kiboksi kwa mng'ao wake. Chagua kinachofuata mguu wako na milima yetu, na kama hakipo, subiri. Tela likilegea usikimbilie kitasa. Anza na plagi, fuata waya mpaka kwenye ethi, utazame chuma kwa chuma, ndipo ufungue madramu uone sumaku. Na lijaribu kila asubuhi kwa mkono wako, hata kama jana lilishika. Hayo ni ya gari. La mtu ni hili: ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla kosa lako halijapata mwenyewe mwingine. Maana ukweli uliochelewa husikika, ila hauwezi kumfungulia mtu karakana yake.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia waliokutangulia na ulimi mwepesi wa kukiri. Akuvushe milima yote ya Karagwe na Kyerwa salama, na kila atakayepanda gari lako ashuke kwa miguu yake mwenyewe, akaingie kwake akiimba.