Fundi Aliyejifunga Kama Kondoo

Shimelis hamshiki mtu mkono kabla hajashika chuma. Hapa mtaani Shiro Meda wote tunalijua hilo. Ukimpa mkono, kwanza anatafuta kitasa, msumari, nguzo ya geti, anagusa, ndipo anakusalimia. Mkewe Aselefech aliwaambia wanawake kwenye kahawa:

"Miye hata usiku wa arusi nilisubiri. Bwana anazunguka chumba anatafuta chuma."

Walicheka hadi kahawa ikafurikia mkaa.

Shimelis ni mtu wa Debre Birhan, kwenye baridi na blanketi za manyoya. Anasema utotoni kila akijifunika, blanketi linamchapa cheche. Akaja mjini na woga wake, akaugeuza kazi. Anatengeneza kompyuta. Lakini masweta ya mama yake hajaacha kuvaa, moja juu ya jingine, kama kitunguu.

Mimi ni mfumaji. Miguu yangu imo kwenye shimo la kitanda cha mfumi tangu sijaota ndevu. Kompyuta haikuwa yangu, ilikuwa ya mke wangu, Wudinesh. Yeye akichora pambo kwenye kioo, mashine ya kutarizi iliyounganishwa nayo inalishona. Mimi nafuma nguo, yeye anatia pindo. Tuliishi hivyo. Aliondoka duniani msimu wa mvua.

Pambo lake la mwisho alilichora kwa ajili ya Mahlet, binti wa dada yake. Lilikuwa ndani ya ile kompyuta, na kwingine kokote halikuwapo. Arusi ya Mahlet iliwekwa Jumapili, baada ya Timkat, sikukuu ya kubariki maji, kabla Mfungo Mkuu haujafunga milango ya arusi. Nguo nilishaifuma. Pindo likawa tupu, kwa sababu kompyuta ilianza kuzimika. Inawaka, inakata. Inawaka, inakata.

Nikamwita Shimelis. Akagusa bawaba, akanisalimu, akaizunguka kompyuta.

"Gashe Anjulo," akaniita kwa heshima ya kaka mkubwa, "hii huwa anaizima nani?"

"Mimi."

"Unaizimaje?"

"Nachomoa ukutani."

Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Wewe umelala zako, nije nikuvute miguu mpaka uani. Utanishukuru?"

"Kumbe ndicho kilichoiua?"

"Sicho. Ila haikupenda."

Shemeji yangu Tiruwork, mama yake Mahlet, alikuwa amekaa pembeni anakaanga bisi. Tangu asubuhi hajatulia.

"Acha hadithi, fundi. Pambo la marehemu limo au halimo?"

"Limo, Etiye. Subiri nilinakili kwanza, kabla sijagusa kitu," akamjibu kwa heshima ya dada mkubwa.

Akachomeka flashi, akawasha. Haikufika popote, ikakata. Akajaribu tena, ikakata. Mimi nikatazama ukuta.

"Pawa saplai imechoka," akasema. "Hiyo ndiyo inayoilisha. Inayokumbuka ni diski, kitu kingine kabisa. Ninayo nyingine ya kulishia, nitaibadilisha. Lakini tuiandae vizuri. Cheche moja ya kidole ikipita pasipotakiwa, hata diski itasahau."

Hapo ndipo watu humcheka Shimelis, maana kuandaa kwake ni kama misa. Alizima swichi, akachomoa waya ukutani, akauchomoa na nyuma ya kompyuta, akaukunja, akautia mfukoni mwake. Akachomoa na nyaya nyingine zote. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia.

"Weee!" akasema Tiruwork. "Umechomoa, sasa unawasha? Jana ulilala kweli wewe?"

"Kuna umeme unaobaki ndani, Etiye. Kama harufu ya kitunguu kwenye sufuria iliyooshwa. Namalizia."

Taa ndogo ikapepesa, ikafa. Akaridhika. Tukaihamishia kwenye meza ya mbao, mbali na zulia. Akanitazama.

"Gashe, hilo shuka lako ni la nini?"

"Pamba. Nimelifuma mwenyewe."

"Basi kaa nalo. Mimi natoka nikavue manyoya."

Akatoka uani. Kiangazi hiki hewa ni kavu. Tulimsikia akivua, masweta yanalia cheche kama kuni mbichi, naye anajisemea "aih, aih." Nikaenda dirishani nimwone. Ndiyo, nilitaka kucheka. Nilikuwa sijacheka tangu msimu wa mvua.

Alirudi na shati tupu, nywele zimesimama, meno yanagongana. Akavaa bangili ya kitambaa yenye waya, mwisho wa waya akaubana kwenye chuma cha kompyuta, ili cheche ya mwili wake iishie hapo.

"Kondoo wa Pasaka huyo!" Tiruwork akapiga makofi. "Kashafungwa, bado kisu."

"Kondoo hajifungi mwenyewe, Etiye."

"Ndicho ninachoshangaa!"

Akafungua skrubu kwa bisibisi, akavuta ubavu wa sanduku, akaingiza kidole. Kikatoka kimelowa. Akakitazama. Akatutazama.

"Nani kaimwagia maji?"

Bisi zikapasuka peke yake sufuriani.

"Si maji," akasema Tiruwork polepole. Akatoa chupa chini ya shela. "Ni ya Timkat. Padri mwenyewe alinyunyiza. Mlipokuwa mmenigeuzia mgongo... Mgonjwa si hunyunyiziwa? Nimemtilia pale penye matundu."

Shimelis hakucheka. Babu yake alikuwa padri. Alibusu kwanza kile kidole kilicholowa, ndipo akakifuta. Kisha akatoa waya mfukoni, akamwonyesha.

"Etiye, ya baraka ni ya baraka. Ila yakikutana na umeme, yanakuwa maji. Huu ungekuwa ukutani, tungekuzika na wewe."

Tiruwork akakaa. "Na pambo la dada yangu?"

"Sijui."

Neno hilo Shimelis halisemi mara nyingi. Akaomba kitambaa. Nikampa masalio ya nguo ya Mahlet. Akafyonza matone moja moja, bila kusugua, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Akaitoa pawa saplai ya zamani, akaiinamisha. Maji yakachuruzika mezani. Akamulika ndani na tochi, akamulika tena. Akaanza kutabasamu.

"Karibu yote yaliingia kwenye hii inayotupwa."

"Si nilijua pa kumwaga!" Tiruwork akaruka. "Haya, washa!"

"Leo haiwashwi. Ikauke."

"Arusi Jumapili, wewe!"

"Umeme haujui arusi."

Akaiacha wazi juu ya meza. Ule waya akaondoka nao mfukoni. Hakutuamini, na alikuwa na haki.

Kesho yake alirudi, akavua, akajifunga tena kama kondoo. Akapapasa kila pembe: pakavu. Akaweka pawa saplai mpya, akachomeka nyaya zake za ndani, akarudisha ubavu. Akavua bangili, akavaa masweta yake, maana baridi ilikuwa inamla. Akarudisha nyaya za nje, na waya wa ukutani mwisho kabisa. Akatusogeza nyuma.

Ikawaka. Haikukata. Kabla ya yote akanakili pambo kwenye flashi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndipo tukaweka nguo kwenye mashine.

Ilishona misalaba midogo ya kijani, na ukingo wa dhahabu unaoifuata. Mkono wa Wudinesh, huwezi kuukosea. Tiruwork alikuwa anamsimulia Shimelis habari za maji yake. Pindo likafika nusu, mashine ikasimama.

"Imeharibika tena!" akasema Tiruwork.

Shimelis akaangalia kioo. Akanong'ona, "Haijaharibika, Etiye. Hapa ndipo marehemu alipofika."

Tiruwork akajifunika uso kwa shela. Shimelis akanijia, akanishika mkono. Hakugusa bawaba wala kitasa. Cheche ikatuchapa wote wawili, ta!

"Samahani, Gashe. Nimesahau."

"Acha," nikamwambia. "Nipe sindano. Na huo uzi wa kijani."